Begi lisipotokea KIA: karatasi kwanza, gari baadaye

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Msimu wa kupanda mlima umefika, na ukumbi wa mizigo pale uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) utakuwa na watu waliosimama wakiukodolea macho mkanda unaozunguka mtupu. Sisi ni wapokea wageni wa Moshi na Arusha, na sehemu ya kazi yetu ni kufuatilia mabegi yaliyopotea, yaliyochelewa au yaliyovunjwa. Wengi wanaokosa fidia wanaikosa pale pale ukumbini, dakika kumi za kwanza, kwa haraka ya kuwahi gari.

Tuanze na uongo uliozoeleka. Abiria akiuliza atalipwa nini huambiwa, "Tunalipa dola 20 kwa kilo." Hesabu hiyo ni ya zama za Mkataba wa Warsaw wa 1929, uliopima begi la mtu kwa uzito kama gunia la mahindi. Safari nyingi za kimataifa za kuja na kutoka kwetu zinaongozwa na Mkataba wa Montreal wa 1999. Tanzania imo tangu 2003, mwaka uleule mkataba ulipoanza kutumika duniani. Wamo pia Kenya, Ethiopia, Qatar, Uturuki, Falme za Kiarabu, China na nchi za Umoja wa Ulaya. Humo ndani begi la abiria halihesabiwi kwa kilo. Ukomo unahesabiwa kwa abiria, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) kinachotokana na dola, yuro, yuan, yen na pauni; kwa viwango vya karibuni, 1,519 ni zaidi kidogo ya dola 2,000 za Marekani. Ukionyeshwa karatasi yenye 1,288 au 1,131, hiyo imepitwa na wakati. Na sharti lolote la tiketi linalojaribu kushusha kiwango hicho ni batili, kwa Ibara ya 26 ya mkataba wenyewe.

Lakini huo ni ukomo tu. Halipwi mtu 1,519 kwa sababu begi limepotea. Analipwa hasara aliyoithibitisha, isizidi hapo.

Uthibitisho unaanza siku ya kuondoka, kwenye stika. Mhudumu akishaifunga stika kwenye begi, kabla halijaingia kwenye mkanda, soma herufi tatu kubwa: JRO ni KIA, ARK ni uwanja wa Arusha kule Kisongo, DAR ni Dar es Salaam, NBO ni Nairobi. Mtu anayekwenda KIA kwa kupitia Dar akiona stika imeandikwa DAR, mzigo wake utashuka Dar na kubaki huko, na hapo hakuna aliyeuiba. Chini ya mistari ya kusomwa na mashine kuna namba yenye tarakimu 10. Tarakimu tatu zinazofuata ile ya kwanza ni za shirika la ndege, sita za mwisho ni za begi lako. Kipande kidogo chenye namba hiyo hubandikwa nyuma ya bodi pasi au kwenye pasipoti. Kipige picha hapo hapo, maana ndicho watu hukitupa pamoja na karatasi ya sandwichi. Bandua stika zote za safari zilizopita, hata vile vipande vidogo vilivyoganda ubavuni, kwa sababu mashine ikisoma msimbo wa zamani begi linaelekezwa kusikohusika. Sababu kubwa zaidi ya mabegi kuchelewa ni kuhamishwa kutoka ndege moja kwenda nyingine. Abiria anaweza kukimbia akawahi ndege ya pili, begi halikimbii. Kwa hiyo tiketi ya bei rahisi yenye dakika 50 za kubadilisha ndege ina gharama yake.

Sasa umefika, mkanda umesimama, begi halipo. Usitoke. Nenda kaunta ya mizigo, hapo hapo ndani kabla ya forodha, uandikiwe ripoti ambayo wenyewe huiita PIR. Ikikamilika hupewa kumbukumbu ya herufi na tarakimu 10: tatu za uwanja, mbili za shirika, tano za ripoti. Kwa KIA itaanza na JRO. Bila kumbukumbu hiyo, ulichoambiwa kwa mdomo hakina thamani. "Nenda tu hotelini, tutakupigia" si ripoti.

Mhudumu atakuonyesha chati ya picha za mabegi uchague umbo na rangi. Hapo usifanye haraka. Kisha atauliza kilichomo, na watu wengi hujibu "nguo". Jibu hilo halina msaada wowote. Stika ikiwa imechanika, wafanyakazi wa uwanja wa mbali watalifungua begi na kulinganisha vilivyomo na maelezo yaliyoingizwa kwenye mfumo. Taja vitu vya pekee: kanga mbili za rangi ya chungwa zenye mchoro wa korosho, viatu vya mlima namba 43 vya kahawia, kopo la unga wa ulezi, kitabu cha tenzi chenye jalada jekundu. Mabegi meusi yenye magurudumu ni mengi kupita kiasi. Hata shangazi kaja, ambalo kwetu linatambulika toka mbali, huko Dubai yamepangana mia.

Kwenye nafasi ya simu, mgeni asiandike namba ya kwao tu. Kesho saa nne asubuhi atakuwa geti la Machame, na keshokutwa mtandao utakuwa wa kubahatisha. Aweke namba ya kampuni iliyomleta au ya hoteli, na aache maandishi ya kumruhusu mtu fulani kupokea begi, kwa kuwa likifika litapita forodha na huenda likatakiwa kufunguliwa. Kama lina kufuli, funguo au namba zake zibaki kwa huyo mtu.

Hapa kuna kosa ambalo hata wenzetu wa kazi hulifanya: kudhani PIR ndiyo madai. PIR ni taarifa ya kutafutia begi. Madai ni barua au barua pepe unayoliandikia shirika ukisema umepata hasara gani na unadai nini, nayo ina siku zake. Begi lililoharibika: siku 7 tangu ulipolipokea. Begi lililochelewa: siku 21 tangu lilipokabidhiwa kwako. Ukizipitisha bila kuandika, Ibara ya 31 inakufungia mlango wa mahakama, labda uthibitishe shirika lilifanya udanganyifu. Begi ambalo halijafika siku 21 baada ya siku lililotakiwa kufika unaruhusiwa kulihesabu limepotea, hata kama shirika linasema bado linatafuta. Kuhusu vitu vilivyochomolewa ndani ya begi, vichukulie kama uharibifu, uandike ndani ya siku 7. Kufungua kesi ni miaka 2 tangu tarehe ya kufika, na mazungumzo marefu ya barua pepe hayasimamishi saa hiyo.

Begi lililochelewa ndilo lenye mambo mengi huku kwetu, kwa sababu ya mlima. Mtu aliyekuja kulala hotelini anaweza kungoja siku mbili akiwa na sabuni na fulana mpya. Anayeanza kupanda kesho anahitaji begi la kulalia la baridi kali, koti la mvua, glavu, taa ya kichwani, viatu. Vyote vinakodishwa Moshi na Arusha, na gharama hiyo ni halali kudaiwa mradi iwe ya lazima na ya kiasi. Kukodi begi la kulalia kwa siku saba ni lazima. Kununua saa mpya ya bei mbaya, hapana. Shirika likisema "tunatoa dola 50 kwa siku, basi", hiyo ni sera yao ya ndani. Mkataba unajua ukomo mmoja tu, ule wa 1,519. Wanachoruhusiwa kujitetea nacho ni kuthibitisha kwamba walichukua hatua zote zilizowezekana kuzuia ucheleweshaji. Pokea hizo dola 50, lakini usisaini karatasi inayosema umemaliza madai yote. Begi likifika mgeni akiwa tayari njiani, linaweza kumfuata kwa mpagazi. Wagumu wetu hulifikisha Mandara siku hiyohiyo kutoka geti la Marangu. Malipo ya mpagazi huyo nayo yanaingia kwenye madai, kwa hiyo yaandikiwe risiti, yasilipwe kama bahasha ya shukrani.

Viatu vya kupandia ndiyo kitu kibaya kuliko vyote kukodi, maana mguu haujavizoea. Tunawaambia wageni wavivae kwenye ndege, na dawa zikae kwenye begi la mkononi. Wengine hutuona washamba.

Begi likitoka limevunjika, lipige picha likiwa bado na stika, ukiwa bado ukumbini. Angalia magurudumu, mshikio, zipu, kona. Michubuko midogo mashirika huikataa kama uchakavu wa kawaida, na hapo mara nyingi wana haki. Mkataba nao hauwabebeshi kasoro ya begi lenyewe. Gurudumu lililong'oka ni jambo jingine. Peleka kwa fundi mabegi, akuandikie kwa karatasi yenye jina na simu yake kwamba linatengenezeka kwa kiasi gani, au halitengenezeki. Zipu ikiwa imefumuliwa, dai begi lipimwe mbele yako na uzito uandikwe kwenye ripoti. Uzito wa kuondokea unao kwenye rekodi ya kupokelea mzigo. Kilo 23 zikigeuka 19, kilo nne hizo zinakutetea vizuri kuliko kulalamika.

Tatizo la risiti tunalijua. Anayenunua nguo soko la Memorial hapewi risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Hata hivyo ujumbe wa malipo kwa simu, taarifa ya benki, picha uliyopiga ukiwa umevaa koti lile, na picha ya begi lililo wazi kabla ya kulifunga vyote ni ushahidi. Orodha iwe na kitu, mwaka wa kununua na bei, kimoja kimoja. Shirika litakata uchakavu. Koti la miaka mitano halilipwi kama jipya.

Mfanyabiashara anayerudi na mzigo wa thamani kuliko dola 2,000 ana njia moja: kutangaza thamani maalumu kaunta, kabla begi halijapokelewa, na kulipia nyongeza ikidaiwa. Mhudumu akisema hajui kitu kama hicho, omba msimamizi. Kipo, Ibara ya 22. Na ukipewa stika ya kusaini kwamba mzigo wako ni dhaifu au umefungwa vibaya, soma kisanduku kilichotiwa alama. Kuna watu wamesaini kwamba sanduku lilikuwa limevunjika tayari.

Safari ya ndege zaidi ya moja huleta ile danadana: wa mwisho anakutuma kwa wa kwanza, wa kwanza anakurudisha kwa wa mwisho. Kwa mizigo, Ibara ya 36 inakuruhusu kumdai wa kwanza, wa mwisho, au yule aliyekuwa nayo ilipoharibika. Chagua mmoja umng'ang'anie. Kwa desturi ya kazi, ripoti huandikwa na aliyekushusha.

Safari za ndani, tuseme Kisongo kwenda Zanzibar, haziingii Montreal; hizo zina masharti ya tiketi na kanuni za nchi. Ila kipande cha ndani kikiwa ndani ya tiketi moja ya kimataifa, mfano Arusha–Dar–Dubai, mkataba unakifunika nacho. Ukinunua vipande viwili kila kimoja na tiketi yake ili kuokoa elfu hamsini, umeutoa mzigo wako kwenye kinga hiyo kwa sehemu ya ndani.

Wanaoshukia Nairobi kwa ndege na kuja kwa basi la Namanga wakumbuke kuandikisha ripoti Nairobi kabla ya kupanda gari. Ukigundua umefika Arusha, umechelewa. Na aliyekata tiketi ya kwenda na kurudi, kisheria mwisho wa safari yake ni pale alipoanzia: ya KIA–Guangzhou–KIA inaweza kufunguliwa kesi Tanzania, ya kuanzia Nairobi itaelekea Kenya.

Shirika likikaa kimya baada ya madai ya maandishi, peleka nakala zote kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Wataanza kwa kuuliza kama ulilalamika kwanza kwa shirika lenyewe, kwa hiyo usiende mikono mitupu.

Ombi letu kwa wanaosimamia ukumbi ule ni dogo. Mkataba unataka abiria apewe taarifa ya maandishi kwamba dhima ya shirika ina mipaka. Ubandikwe ubao wa Kiswahili juu ya kaunta ya mizigo, wenye siku 7, siku 21 na SDR 1,519, na fomu ya madai kwa Kiswahili iwepo mezani pamoja na kalamu iliyofungwa kamba, maana kalamu ya sasa huazimwa kwa dereva.

Wapokea wageni,
Moshi na Arusha