Watoto wa Sunday school na donge la unga

Mhariri,

Walimu wa Sunday school, Mathayo 13:33, mfano wa Yesu wa chachu (yaani hamira) ndani ya unga, hufundishika vizuri zaidi jikoni. Changanyeni unga wa ngano nusu kilo, hamira kijiko kimoja cha chai, sukari vijiko viwili vya chakula, chumvi kidogo na maji vuguvugu kama mililita 300. Maji yasiunguze kidole, maana yakiwa ya moto sana hamira hufa na donge halipandi.

Kabla ya kutia hamira, tengeni unga kidogo. Ukandeni kwa maji tu, usukumeni mwembamba na kuuchoma kwenye chuma cha chapati: huo ndio mkate wa Kutoka 12, wa watu waliotoka Misri kwa haraka.

Donge lenye hamira likandwe dakika kumi, lifunikwe saa moja. Hapo ndipo pa kusoma mfano wa chachu. Mtoto afunue kitambaa, abonyeze kwa kidole, aone vipovu mwenyewe. Tafadhali msimwahishie jibu.

Mkioka kwa jiko la mkaa, makaa mengi yawe juu ya mfuniko wa sufuria, machache chini. Wengi hufanya kinyume, mkate ukaungua kitako na kubaki mbichi katikati. Watoto wakae mbali na jiko.

Mwalimu wa Sunday school, Morogoro