Barua kwa mwanangu: jifunze kutua

Mama,

Mdogo wako amerudi na salamu zako. Kwa kuwa simu hamruhusiwi, nimerudi kwenye karatasi, mwandiko utauvumilia. Anasema unalalamika kwamba mwalimu wa michezo anawachezesha mpira wa pete kidogo tu, muda mwingi mnaruka na kutua kwa mguu mmoja "kama vyura". Nilicheka. Halafu nikashika goti langu la kushoto, kicheko kikaisha.

Unakumbuka alfajiri ulipokuwa ukinisaidia kuosha makongoro? Siku moja nilipasua kiungo, ukaniuliza hicho cheupe kinachong'aa ni nini. Nikakujibu "mfupa", maana wateja walikuwa wameshakaa kwenye benchi. Nilikudanganya. Ni gegedu. Ulipitisha kidole ukasema kinateleza kuliko sahani yenye sabuni. Na ule ute uliovutika kama ute wa yai ndio mafuta yake. Sisi nasi tumeumbwa vivyo hivyo: ncha za mifupa zimevikwa gegedu, zimefungwa ndani ya mfuko, na ute ni kidogo mno, goti zima la mtu mzima halijazi kijiko cha chai.

Gegedu halina mishipa ya damu. Hula kutoka kwenye ute huo, kwa kukandamizwa na kuachiwa, kama dodoki linavyonyonya maji. Goti lisilotembea linalala njaa. Tena ute ukitulia huwa mzito, kiungo kikianza kwenda unalegea. Ndiyo maana mnakimbia polepole kwanza. (Na mama yako akikugombeza kwa kualisha vidole, mwambie ni mapovu ya hewa humo kwenye ute. Usimwambie nimesema mimi.)

Viungo havifanani. Nyonga ni tufe ndani ya bakuli lenye kina, kuitegua ni kazi. Bega nalo ni tufe, ila limekaa kwenye kisahani; kwa hiyo mkono unazunguka utakavyo, na kwa hiyo huteguka upesi. Kiwiko ni bawaba. Goti nalo watu huliita bawaba, mimi sikubali. Bawaba huingiana. Mfupa wa paja umekaa tu juu ya muundi, yaani mfupa wa chini ya goti, kama mtu aliyekalia meza. Katikati kuna vipande viwili vya gegedu vilivyopinda kama mwezi mwandamo, kisha kamba nne za kuifunga mifupa hiyo: mbili ubavuni, mbili zimepishana ndani. Ile ya mbele kati ya hizo zilizopishana ndiyo inayouzuia muundi usichomoke kwenda mbele.

Sasa angalia mchezo wako. Ukidaka huruhusiwi kukimbia na mpira, na ndani ya sekunde 3 uwe umeutoa. Unakuja mbio, unaruka, unadaka, unatua na kusimama hapo hapo, huku kiwiliwili kinageuka kumtafuta mwenzako. Goti likiwa limenyooka, au limeingia ndani kulielekea lile jingine, kamba hukatika bila mtu kukugusa. Na wasichana huumia hivyo zaidi ya wavulana.

Mimi nilikuwa na miaka 24, mechi ya ndondo, nikaruka peke yangu kupiga kichwa. Nikasikia "tap", kama kijiti kikavu. Jioni goti likawa papai. Mzee mmoja akanichua kwa mafuta ya moto, wiki ya tatu nikarudi uwanjani kwa sababu maumivu yalikwisha. Kamba haikurudi. Kila nilipogeuka goti lilichomoka, na kila lilipochomoka lilizidi kusaga vile vipande viwili vya gegedu. Ukinisikia nashuka ngazi kwa bibi yako unaijua sauti yake.

Kwa hiyo mwalimu wako simlaumu. Hata FIFA wana mazoezi yao ya kupasha mwili, kama dakika 20, na kuruka na kutua kumo. Mwombe mwenzako asimame mbele yako akuangalie magoti: yaelekee vidole vya mguu, yakunjike, makalio yarudi nyuma kama unatafuta kigoda. Anayetua vizuri hasikiki. Misuli ya paja usiionee uvivu, hasa ya nyuma. Hiyo huisaidia ile kamba kuushika muundi. Goti likivimba, mwambie matroni siku hiyo hiyo, na asilivute mtu.

Raba ziko chini ya sabuni kwenye boksi. Ukija likizo nitakupasulia goti lenyewe la ng'ombe. Si kongoro, goti liko juu huko, linabaki na paja buchani. Nimeshamwambia muuza nyama aniwekee moja lisilopigwa shoka, nikuonyeshe zile kamba zinavyopishana.

Baba yako