Marufuku ya sigara: upendeleo ndio unaozaa kesi

Ndugu Mhariri,

Sheria ya kukataza sigara ndani ya baa na mikahawa ikipitishwa tu, wenye biashara hukimbilia mahakamani. Hoja yao ni ileile: baa ni mali yangu, mteja ni mtu mzima, serikali inaingiliaje? Kwa majaji hoja hiyo mara nyingi haifui dafu. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Ohio, Marekani, ilimkatalia mwenye baa wa Columbus aliyedai kuwa marufuku iliyopitishwa kwa kura ya wananchi mwaka 2006 ilimpora haki ya mali yake.

Wapo walioshinda, ila tazama walishindia wapi. Ujerumani, mwezi Julai 2008, Mahakama ya Katiba iliwapa haki wenye baa ndogo kwa sababu sheria za majimbo ya Berlin na Baden-Württemberg ziliruhusu vyumba vya wavutaji. Baa kubwa ilitenga chumba. Yenye chumba kimoja ingetenga nini? Mahakama hiyohiyo ilisema marufuku kamili, isiyombagua yeyote, ingekubalika kikatiba. Uholanzi ikafanya kinyume, ikazisamehe baa ndogo. Safari hii walioshtaki ni wapinga sigara, na mwaka 2014 Mahakama ya Juu ikaufuta msamaha huo kwa kuwa unakiuka mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku. Mwaka 2019 ikavikataa hata vyumba vya wavutaji.

Kwa hiyo watunga sheria wanaolegeza kamba ili kuepuka kesi ndio wanaozitafuta. Na gharama humwangukia mwenye baa: Uhispania iliruhusu maeneo ya wavutaji mwaka 2006, watu wakagharamia kuta na milango, kisha mwaka 2011 ikapiga marufuku moja kwa moja. Hasira yao naielewa kuliko ile ya "mali yangu".

Anayesahaulika katika mabishano haya ni mhudumu. Mteja hukaa saa moja akaondoka, naye yumo humo zamu nzima, na hata hicho chumba cha wavutaji kinahitaji mtu wa kuokota glasi na kumwaga majivu. Feni haimsaidii, miongozo ya ule mkataba wa Shirika la Afya Duniani inasema wazi kwamba kupitisha hewa hakuondoi madhara ya moshi.

Anayetaka kuvuta atoke nje, wa baa kubwa na wa baa ndogo. Sheria iandikwe hivyo tangu siku ya kwanza.

Msomaji wako