Malalamiko kuhusu majibu ya alama za vinasaba za bakteria wanaokula mafuta

Kwa Meneja wa Maabara,

YAH: VICHUPA 14 VYA BAKTERIA KUTOKA GEREZANI

Mimi ndiye niliyewaletea mwezi uliopita vichupa 14 vya bakteria kutoka kwenye udongo uliolowa oili chafu nyuma ya gereji za Gerezani, Dar es Salaam. Nililipa yote mapema, kama mlivyotaka. Majibu yamechelewa wiki tatu, hilo nimelimeza. Shida ni kilichofika.

Niliomba BOX-PCR, kipimo cha alama za vinasaba, kwa sababu moja. Kipimo cha 16S, kinachosoma jeni moja tu ya kutambulisha bakteria, kilishanionyesha kwamba wengi wao ni wa kundi la Pseudomonas, lakini ndugu wa spishi moja mara nyingi hakiwatenganishi. BOX-PCR hutumia praima moja (kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia unakili), BOXA1R, inayoshika vipande vinavyojirudia huku na huku kwenye jinomu, yaani vinasaba vyote vya bakteria, na mistari inayotokea kwenye jeli huutenga ukoo mmoja na mwingine. Nilitaka kujua: nina bakteria 14, au nimemwokota yuleyule mara 14?

Sasa itazameni picha yenu. Namba 3 na namba 9 zina mistari ileile, hata ule hafifu wa chini kabisa. Namba 3 kwenye sahani ni ya njano, inateleza kama mlenda. Namba 9 ni nyeupe, kavu, imekunjamana, ukiigusa inabanduka kama gamba. Mlinzi wa getini kwetu angezitofautisha. Nashuku kichupa kimoja kilipimwa mara mbili.

Kubwa zaidi ni njia ya mwisho ya jeli, iliyoandikwa "maji", isiyowekwa bakteria yeyote. Hapo palipaswa kuwa peusi tupu. Yenu ina mistari miwili! Basi mchanganyiko wenu umechafuka, na sina mstari wa kuuamini hata kwenye njia nyingine. Ladda nayo, ile mistari ya urefu unaojulikana ya kulinganishia, mmeikata pichani, kwa hiyo urefu wa vipande siwezi kuusoma. Nilipopiga simu nikaambiwa picha imetoka vizuri. Ya kutundika ukutani, labda.

Naomba vichupa vyote 14 virudiwe bila malipo, kuanzia kutoa vinasaba, kila kimoja mara mbili, na nipewe picha nzima. Mkishindwa, nirudishieni fedha na vichupa vyangu ndani ya siku 14, vikiwa kwenye barafu. Tafadhali namba 9 itunzeni: niliyobaki nayo mimi ilikufa friji ilipozimika.

Wenu,
Mteja, Dar es Salaam