Kuku wa kwapani

Bombo, Jumapili jioni

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila umeme umekatika tangu juzi, ukiona mwandiko umepinda laumu kibatari.

Barua yako nimecheka nayo kweli. Wewe, uliyekuwa ukinigombania firigisi, leo umeacha nyama! Kisha nikafika pale unapouliza kama mnyama ana thamani yoyote kabla ya sufuria, kicheko kikakata.

Jirani yangu Mganda ni wa ukoo wa Mmamba, jina la Kiganda la samaki kamongo. Kamongo hamgusi, ndiye mwiko wao. Sangara je? Anamfyonza hadi kichwa. Basi heshima anayo, ila ni ya samaki mmoja. Nami nilimcheka, mpaka Ijumaa.

Ijumaa kijana wa bodaboda akasimama dukani kununua maji, anatoka pande za Luweero kwenda Kampala. Kuku kama thelathini, miguu imefungwa, vichwa chini, wanagusana na bomba la moshi. Mmoja mdomo wazi. Unajua kope la kuku linafunga kutoka chini kwenda juu? Lilikuwa likipanda polepole, likishuka, likipanda. Nikauliza wamefungwa tangu lini. "Alfajiri, mama. Nawakusanya kijiji kwa kijiji." Ilikuwa saa tano.

Nikamkumbuka marehemu babu. Kisu alikinoa nyuma ya nyumba, mnyama asikione, wala hakuchinja mmoja huku mwingine akitazama. Sisi sokoni swali ni moja tu: kachinja nani? Ukiambiwa Mwislamu, unatoa pesa. Safari ya kichwa chini haiulizwi, na miaka yote hii mimi sijauliza.

Kuacha sitaacha, usinisubiri. Wale vijana wa soko la Namawojjolo, njia ya Jinja, wakikimbilia dirisha la basi na vijiti vyao vya kuku, mate yananitoka kabla dereva hajakanyaga breki. Ila wa nyumbani sasa namnunua kwa mama mmoja hapa nyuma, anamleta kamkumbatia kwapani kama mtoto. Bei imezidi, na mume wangu kashampa jina: kuku wa kifalme.

Yule kijana nilimwambia awaweke kwenye tenga. Akanitazama. "Tenga linaingia kumi, mama. Hao ishirini utanilipa wewe?" Nikamlipia maji yake, akaondoka.

Ukija Idi niambie mapema: nikupikie maharage, au huyu wa kwapani utamla?

Wako,
shoga wa Bombo