Barua ya wazi kwa mpwa wangu: mama yako na nyumba ya magurudumu

Mpwa wangu,

Salamu kutoka Mamboleo, Kisumu. Ungenipigia simu tungeyamaliza kwa simu. Lakini uliandika kwenye grupu la ukoo, shangazi na binamu na majirani wa zamani wote wakisoma, kwamba mama yako amechanganyikiwa na sisi wajomba tunamtazama tu. Kwa hiyo nakujibu mahali pa wazi. Jina lako nimeliacha nje, na la mama yako pia. Wanaotujua watatujua.

Kwa wasiojua kisa: dada yangu, muuguzi mstaafu, anauza nyumba yake ya Section 58, Nakuru. Amenunua karavani, ile nyumba ndogo inayovutwa nyuma ya gari, kwa mzee mmoja wa Naivasha aliyekuwa amechoka nayo. Anataka kuishi humo mwaka mzima. Baridi ya Julai ikianza Nakuru, atateremka Kisumu. Akichoka na joto atapanda Kakamega au Kitale, kisha arudi Elementaita akipenda. Wanawe wamekuja juu.

Nianze na hoja yenu kubwa, ingawa hakuna aliyethubutu kuitaja kwa jina lake. Umeandika kuhusu usalama, kuhusu aibu, kuhusu watu watasemaje. Ndugu yako ameandika kuhusu kumbukumbu za utotoni. Urithi haukutajwa popote, na mimi nimekaa na watu wazima vya kutosha kujua kinachozungumzwa kisipotajwa.

Hati ya nyumba ile ina jina moja. Aliinunua kwa mkopo wa sacco, akaulipa kwa mshahara wa uuguzi na zamu za usiku ambazo wewe ulilala na kuamka bila kujua zimepita. Baba yako, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akiwaambia wageni kwamba wamekaribishwa kwa mkewe. Ingekuwa mali ya marehemu mngekuwa na la kusema. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, humpa mjane mwenye watoto haki ya kuitumia mali ya mumewe, lakini akitaka kuuza nyumba au ardhi lazima mahakama iridhie. Na baba yako angekuwa hai, ridhaa yake ingetakiwa kama mwenzi. Hayo yote hayapo hapa. Hata KRA, watoza kodi wa serikali, ambao tangu Januari 2023 wanatoza asilimia 15 ya faida mtu anapouza ardhi au jengo, hawamdai: nyumba ambayo mwenyewe ameishi miaka mitatu mfululizo hadi siku ya kuiuza imesamehewa. Ushuru wa stempu, asilimia 4 kwa mjini, ni mzigo wa mnunuzi. Wakili wake amemweleza, naye kanieleza mimi, na nimekueleza wewe. Ridhaa yako haihitajiki popote.

Najua hilo linauma. Lakini fikiria nyumba yenyewe. Vyumba vinne, vitatu vimefungwa. Anafagia vyumba ambavyo hakuna anayelala, analipa mlinzi wa usiku, analipia maji ya bustani ambayo anaitazama peke yake. Ninyi mnakuja Krismasi, mnakula, mnapiga picha, tarehe 27 barabara ya Nairobi inawaita. Sikulaumu, una kazi. Ila usimwambie mtu aendelee kuwa mlinzi wa utoto wako.

Halafu lile swali la shemeji yako, aliyeuliza kama mzaha: akifa akiwa barabarani, tutamlaza wapi? Si mzaha, kwetu huku hilo ndilo swali. Lakini lina jibu, na nyumba ya mjini haijawahi kuwa sehemu ya jibu hilo. Wenye umri wangu tunakumbuka kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno. Alikuwa na nyumba Nairobi na shamba Upper Matasia, na mkewe Wambui alitaka kumzika pale shambani. Nchi nzima ilifuatilia. Mei 1987 Mahakama ya Rufaa ikaukubalia ukoo wake, Umira Kager, akazikwa Nyalgunga, Siaya. Nyumba hazikuamua chochote. Mama yako ana mahali pake Mbale, Vihiga, kando ya baba yako, na hapo hapauzwi. Ukiuliza kwa nini basi asiende kuishi Mbale moja kwa moja, nitakujibu kwamba kule ana vyumba viwili vizuri na mashemeji wengi wenye shida za asubuhi na mapema.

Na hili la kwamba nyumba ya mawe haihami, ndiyo usalama. Waulize wa Kihoto, Naivasha, ambao ziwa liliwafuata hadi sebuleni mwaka 2020. Waulize wa Mwariki hapo hapo Nakuru, au wa Kampi ya Samaki kule Baringo. Walikuwa na kuta imara sana. Section 58 maji hayajafika, najua, wala sisemi yatafika. Nasema tu kwamba kutohama kuna hatari zake, na huwa hatuzihesabu kwa sababu tumezizoea.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kweli linaninyima usingizi, na ambalo kwenye grupu lenu hakuna hata mmoja aliyeliuliza. Mnamgombeza mama yenu kuhusu nyumba. Mgombezeni kuhusu breki!

Nimevuta trela kati ya Mombasa na Malaba sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo hapa nivumilie. Karavani ni trela. Ina usajili wake na namba yake inayoanza na Z, na ina tabia za trela. Kwanza ni uzito. Waingereza, ambao ndio walioitengeneza hii ya mama yako, wana kanuni ya kuanzia: karavani ikiwa na mizigo isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari linaloivuta. Prado yake ina karibu tani mbili. Karavani tuliipima kwenye mzani wa wanunuzi wa mahindi huko Njoro, ikiwa na kila kitu ndani, ikatoa karibu tani moja na robo. Hapo tuko salama. Tatizo lilikuwa mpangilio. Cherehani ya chuma, sufuria za sherehe na sanduku la vitabu vya uuguzi alikuwa amevipanga nyuma kabisa, chini ya kitanda.

Trela yenye uzito mkiani hutikisa mkia. Inaanza kidogo, lori kubwa likikupita, na ukikanyaga breki kwa hofu au ukiongeza moto inakugeuza. Dawa ni kuachia mafuta na kushika usukani ukiwa umenyooka hadi itulie. Lakini dawa bora ni kupanga vizuri: vizito juu ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu, sakafuni, na pua ya karavani ikilalia gari kwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote. Kwa hii yake ni kama kilo 60 hadi 85. Tulitumia mzani wa bafuni na kipande cha mbao. Cherehani ikahamia katikati, sufuria za sherehe zikaja kwangu, na zipo hapa, yeyote mwenye harusi aseme.

Pili ni hizo breki. Trela zetu zilikuwa na breki za upepo. Karavani haina. Gari likipunguza mwendo, karavani inalisukuma kwa nyuma, kichwa cha kuvutia kinaingia ndani, kinavuta fito na waya, ndipo magurudumu yanashikwa. Ni ufundi rahisi na mzuri mahali tambarare. Sasa ipeleke kwenye mteremko wa kutoka Mau Summit kuja Salgaa. Gari liko gia ndogo, linazuia, karavani inasukuma mteremko mzima, breki zake zimeshika mteremko mzima, zinapata moto hadi zinanuka. Madereva wa malori wanaujua mteremko ule kwa majina ya wenzao waliobaki pale. Mama yako nimemwelekeza: gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, kuegesha mahali palipo salama katikati, kusogeza mkono karibu na magurudumu kusikia joto, kunywa chai, kuendelea. Na ule waya mwembamba wa usalama, unaofunga breki karavani ikichomoka, aufunge kila safari hata kama anasogea hatua chache.

Amejifunza. Anarudi nyuma nayo vizuri kuliko utingo wangu wa mwisho, ambaye alikuwa kijana mwenye macho mawili mazima.

Tatu ni matairi, na hapa ndipo nina ugomvi naye mpaka leo. Anasema ni mapya kwa sababu meno yamejaa. Tairi la karavani haliishi kwa kusuguka, linazeeka likiwa limeegeshwa juani. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ya kwake yalitoka kiwandani kabla hujaoa. Yakipita miaka mitano hadi saba yanatolewa, meno yawe yapo au hayapo.

Mengine ni madogo. Mlango uko kushoto, kama Uingereza, kwa hiyo akiegesha anashukia kwenye nyasi, wala si katikati ya barabara. Sola inamtosha taa, simu na redio. Choo ni cha kopo la kutoa na kumwaga, na kwa mtu mmoja halimalizi wiki. Yeye ni muuguzi, ameona makubwa kuliko hayo. Malaria ya huku ziwani anaijua kuliko sisi sote, chandarua ndicho kitu cha kwanza alichofunga. Mvua ya Kakamega, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ndiyo itakayomsumbua, maana chini ya bati la karavani kuna fremu ya mbao, na maji yakipenya kwenye maungio mbao huoza kimyakimya. Atakuwa akikagua pembe zote na kuziba. Jambo moja nimemwambia kwa ukali: yale matundu ya sakafuni karibu na jiko asiyazibe, hata siafu wakiyapenda. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inalala chini, na matundu yale ndiyo mlango wake wa kutokea. Aweke wavu.

Umeuliza atalala wapi usiku, kana kwamba atajiegesha Salgaa katikati ya malori. Atalala kambini, penye uzio na choo na mtu langoni. Elementaita na Naivasha kambi ni nyingi. Msitu wa Kakamega kuna mahali. Karibu na Kitale kuna Saiwa, hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.9 tu, ambako watu hutembea kwa miguu kumtafuta nzohe, yule swala wa kinamasi. Mama yako alizaliwa karibu na hapo na hajawahi kuingia. Miaka yote alikuwa kazini au alikuwa anakulipia karo. Na kwangu Mamboleo nimemwekea bomba na soketi ya stima chini ya mwembe. Mke wangu ameanza kusema kwamba mgeni atakuwa na mahali pazuri kuliko sisi.

Sikubaliani naye katika yote. Alitaka kuiuza nyumba haraka kwa mnunuzi wa kwanza, nikamwambia asubiri. Na kuna siku karavani itamshinda. Goti litakataa kile kidaraja cha mlangoni, au macho yatakataa barabara. Siku hiyo atahitaji nyumba ya kupanga yenye choo cha karibu na mtu wa kumsaidia, na nyumba za Nakuru hazishuki bei zikimsubiri.

Ndiyo maana kuna jambo moja ambalo ni afadhali ulisikie kutoka kwangu. Mama yako alikuwa amepanga kukata fungu la pesa za nyumba na kuwagawia ninyi watatu, ili kelele ziishe. Nilimkataza mimi. Nilimwambia fungu hilo liende kwenye hati za dhamana za serikali, yaani aikopeshe serikali, ambazo unaweza kuanza na shilingi 50,000, riba imfikie kila miezi sita, na mtaji usiguswe hadi siku ya goti. Alibisha, alilia kidogo, kisha akakubali. Fomu amejaza.

Kama una neno kuhusu hilo, nipigie mimi, usimpigie yeye. Na kabla ya kunipigia, tuma pesa za matairi mawili na la akiba. Ukubwa wake nitakutumia kwa ujumbe.

Mjomba wako