Hamisi, injini nyingine sinunui

Mdogo wangu Hamisi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, kwamba fundi Kombo kapima mgandamizo wa injini niliyowaletea na kusema ringi zimekufa, na Mjomba Salehe huko nyuma nimemsikia pia: "Katuletea bomu." Mwambie salamu zimefika. Injini ile niliichagua mwenyewe hapa Sharjah, ikawashwa mbele yangu, nikaisikiliza kabla ya kutoa dirhamu hata moja. Hapa yadi, mteja akileta ubishi, tajiri huniita mimi: "Tanga, njoo usikilize." Leo Kombo ndiye wa kunifundisha injini?

Silinda ya tatu kusoma 90 kwenye geji ya mgandamizo na wenzake 170 ni ugonjwa, sibishi. Lakini kipimo kimoja hakitoshi kusema ringi za pistoni zimekufa. Pimeni upya: injini ipate moto, plagi zote nne zitoke, moto wa plagi na petroli vikatwe, betri iwe imejaa. Wewe kanyaga ekseleta mpaka chini, mwenzio apige stata hadi mshale wa geji ukome kupanda. Namjua Kombo, anatoa plagi moja tu, tena injini baridi.

Ikisoma 90 tena, mimina kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi, mpime tena. Ikipanda sana, ringi au ukuta wa silinda umelika. Ikibaki palepale, muende kwenye valvu na gasketi ya hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda. Hapo azimeni kompresa ya yule kijana wa pancha, mpulize upepo pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote mbili zimefunga. Mikono iwe mbali na feni, maana upepo unaweza kuizungusha krenki. Kisha tega sikio. Ukivuma kwenye eksozi, ni valvu ya eksozi; kwenye kabureta, valvu ya kuingizia; kwenye mdomo wa oili, ringi. Rejeta ikitoa mapovu, gasketi. Gasketi iliyokatika katikati ya silinda mbili huziangusha zote mbili, na wewe unasema ya pili na ya nne ni nzima.

Mimi naweka dau kwenye valvu. Injini ililala uani kwa Mjomba masika yote, plagi ya tatu imeng'olewa, tundu limezibwa kwa tambara! Usikatae, inaonekana nyuma ya Mama kwenye picha ya Idi. Maji yameingia, kutu imeshika kiti cha valvu, sasa haifungi sawasawa. Pimeni kwanza nafasi ya tapeti zinazosukuma valvu, huenda valvu imebanwa tu. La sivyo ni kufungua hedi, kusaga valvu na kuweka gasketi mpya. Hiyo ndiyo bei ya injini nzima? Bomu kalitega nani?

Mimi mzima. Joto la huku tuliache. Juzi jamaa wa Pemba kapika mbaazi za nazi, nimekula kimya mpaka wakaniuliza kama naumwa. Mama bado anapika za Jumapili?

Pesa za dawa zake nimemtumia Mwanaidi, usinune. Za gasketi nitatuma ukinipigia na namba zote nne, kabla ya oili na baada ya oili, na uniambie upepo umetokea wapi. Piga simu Mjomba akiwa msikitini.

Kaka yako,
Athumani